Barua kwa Padri Mwani

Mnunuzi alitaka masharti yote yasomwe kwa sauti kabla hajatia saini, kwa hiyo notari akavaa miwani akaanza. Ngazi kumi na moja za mbele zisibomolewe wala kupakwa rangi. Dirisha la mviringo la ukumbini libaki na mbao zake. Vigae vya paa vikivunjika vitafutiwe vingine vya rangi ileile. Msingi wa mawe meusi usitobolewe. Mnunuzi alikuwa akiitikia kwa kichwa, maana alikuwa ameshaambiwa yote hayo. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya Baba, mkono wake mkononi mwangu, na notari alipofika kwenye neno lile la kutoboa nikaubana mkono wa mzee wa watu hadi akageuka kunitazama. Alidhani naililia nyumba.

Na kweli niliililia, sina haja ya kukataa. Lakini kuna jingine ambalo Baba hajui, na nimelibeba tangu nikiwa na miaka minane. Naliandika hapa kwa sababu nyumba imekwenda, na mtu akishauza nyumba hana tena pa kufichia vitu.

Iko Gisenyi, kwenye barabara ya chini inayofuata ziwa. Aliichora Mbelgiji mmoja, msanifu wa majengo, akaijenga akae yeye na mkewe. Babu yangu, aliyekuwa akiuza vitenge pande zote mbili za mpaka, Gisenyi na Goma, aliinunua yule Mbelgiji alipokuwa akirudi kwao, na wenzake wa msikitini wakamtania kwamba amejinunulia mlima. Sababu ni kwamba msanifu yule aliogopa maji. Aliiinua nyumba nzima juu ya msingi wa mawe ya volkano uliompita mtu mzima kimo, na hakuna mlango hata mmoja uliotokea chini. Wa mbele ulikuwa na ngazi kumi na moja pana, na wa jikoni ulikuwa na ngazi zake nyembamba zilizokuwa mbaya zaidi. Ila ilikuwa nyumba nzuri, hata mahasidi walikubali. Asubuhi jua lilipita kwenye dirisha la mviringo likaweka duara sakafuni, na mimi na kaka zangu tuligombania kukaa ndani ya duara hilo tukinywa chai. Ilinukia nta ya sakafu, na upepo ukigeuka ilinukia sambaza, dagaa wa ziwa letu, waliokuwa wakikaangwa kule ufukweni.

Siku moja akaja mtu na karatasi yenye mihuri, akazungumza na Baba barazani kwa Kinyarwanda kilichochanganyika na Kifaransa. Alipoondoka, Baba akamweleza Bibi, mama yake, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, kwamba tangu leo nyumba iko patrimoine. Wenye Kifaransa chao wanajua neno hilo maana yake ni urithi wa taifa, kitu cha zamani kinacholindwa kwa sheria. Mimi sikuwa na Kifaransa. Nilikuwa na masikio tu, na masikio yangu yakasikia kwamba nyumba iko ya Padri Mwani.

Msinicheke. Kwetu padri tulikuwa tukimwona kila siku akipita na kanzu yake kwenda parokiani, na jina la Mwani halikunishangaza kuliko majina mengine ya mapadri niliyokuwa nikiyasikia. Tena kila neno lililofuata lilinithibitishia. Baba alitaka kubadilisha mlango, akasema hatuwezi, mpaka tuombe patrimoine. Paa lilivuja, akasema patrimoine watakuja kuangalia. Nikaelewa kwamba Babu aliuziwa nyumba ambayo mwenyewe yupo, na kwamba Padri Mwani ni mtu mkali lakini mstaarabu, kwa sababu hakutufukuza, alikataza tu tusipige misumari. Lililonisumbua ni moja. Nilimwuliza maalimu wa madrasa kama swala ya mtu anayekaa nyumba ya padri inakubaliwa. Akanijibu kwamba ardhi yote ni safi kuswalia, akaniambia nirudi kwenye sura yangu.

Kisha Bibi akapata kiharusi. Aliamka asubuhi mguu wa kulia na mkono wa kulia havimsikii.

Lazima niseme Bibi alikuwa mtu wa namna gani, la sivyo hamtaelewa tulichompokonya. Alizaliwa Goma, akaolewa Gisenyi, na kila siku baada ya swala ya alasiri alishuka ngazi zile kumi na moja, akavuka barabara, akavua viatu, akaingiza miguu ziwani. Alisimama pale maji yakimfika kwenye vifundo, akisalimiana na kila apitaye, wauza ndizi, wanafunzi, wanajeshi, mapadri pia. Alijua nani amezaa na nani anaumwa. Alirudi nyumbani jua likizama, viatu mkononi, na nyayo zake zilibaki kwenye ngazi kwa muda kabla hazijakauka. Sikuwahi kumsikia akisema anakwenda kupumzika. Alikuwa akisema anakwenda kuona watu.

Jamaa wa Goma walimletea kiti cha magurudumu. Kikakaa barazani, yeye ndani yake, na mbele yake ngazi. Baba akamwambia atambeba mgongoni amshushe na kumpandisha kila siku. Bibi akamwambia, "Omari, mi ndiye nilikubeba. Haiwezi kugeuka mbele ya watu wote wa barabara." Yakaisha.

Hapo ndipo Baba alipotaka kuiuza nyumba kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameona nyumba ndogo mtaa wa Mbugangari, tambarare, mlango wake uko sawa na uwanja. Wanunuzi walikuja, na wengi wao walikuwa wanatafuta kiwanja cha kujenga hoteli. Walitembea vyumbani, wakasifu ziwa, wakakaribishwa Fanta, kisha Baba, asiyejua kudanganya, akawaeleza kwamba hapa hakibomolewi kitu wala hakiongezwi kitu. Walimalizia Fanta zao wakaaga. Yule wa mwisho hakuimaliza hata hiyo Fanta.

Basi Baba akafanya lililokatazwa. Alimwita fundi mbao wa Mbugangari, na Jumapili moja, ofisi zikiwa zimefungwa, wakaunda njia ya mbao iliyoanzia kwenye baraza, ikashuka polepole kando ya ukuta, ikakunja kona, ikatokea karibu na lango. Ili isiyumbe waliifunga kwenye mawe meusi kwa boliti kumi na mbili. Nilizihesabu mimi, ndiye niliyekuwa nikimpa fundi boliti. Ua wa maua wa mbele uliificha yote, na aliyepita barabarani hakuona kitu.

Jumatatu Bibi alishuka. Baba alishika kiti kwa nyuma, na mimi nilitangulia kufungua lango kama mtu anayemfungulia waziri. Kwenye mchanga magurudumu yalizama, kaka zangu wakasukuma, na tulipofika kwenye maji Bibi akaniambia nimvue viatu. Mguu wa kushoto aliuingiza mwenyewe. Wa kulia niliuinua mimi, ukiwa mzito na wa baridi, nikauweka majini kando ya mwenzake. Akafumba macho. Watu wakaanza kuja, mmoja, wawili, wakazunguka kiti, na akaanza kuwauliza nani amezaa.

Tulifanya hivyo wiki tano. Sijawahi kuona nyumba yetu ikiwa na furaha kama wiki zile tano, na mimi ndiye niliyezikata.

Bibi alinilea kwa adabu, na adabu yake ya kwanza ilikuwa kwamba kitu cha mtu hakitumiwi bila kumshukuru mwenyewe. Ukiazima chekecheo kwa jirani, unalirudisha na kitu ndani yake, hata kama ni nyanya mbili. Nami nikawaza. Tunakaa kwenye nyumba ya Padri Mwani, na Baba ametoboa mawe yake, na hakuna aliyemwambia hata asante. Siku akija akayaona mwenyewe atatudhania watu wa namna gani? Nikachana ukurasa katikati ya daftari langu la hesabu, nikamwandikia barua kwa mwandiko wangu mzuri. Naikumbuka neno kwa neno:

"Jambo Padri Mwani. Tunakushukuru kwa nyumba yako, iko muzuri. Bibi yangu ni mugonjwa, muguu moja haitembei. Baba aliweka njia ya mbao juu Bibi ashuke kwa maji. Alitoboa majiwe yako mara kumi na mbili lakini alitoboa muzuri. Usikasirike. Bibi akipona tutaondoa. Ukuje siku moja kunywa chai."

Ofisi nilijua ilipo, kwa sababu Baba alikuwa akituonyesha kila tukipita, akisema kwa uchungu kwamba pale ndipo kwa patrimoine. Nikaingia baada ya shule na sare yangu. Padri sikumwona. Nilimkuta mama mmoja mezani, nikampa barua kwa mikono miwili. Akaniuliza ni ya nani. Nikasema ya Padri Mwani. Akaniomba nirudie jina, nikarudia, akacheka kwa upole hadi akafuta macho, akafungua mtoto wa meza akanipa bonbon, yaani pipi. Niliila njiani nikiruka ruka, nimejaa fahari. Nilijiona nimeisafisha familia nzima.

Siku nne baadaye walikuja wawili, yule mama na mwanamume mwenye kamera. Hawakuwa watu wabaya, hilo ni lazima niliseme. Walisalimia vizuri, wakampa Bibi pole, kisha wakaenda moja kwa moja kwenye boliti. Mwanamume alipiga picha kila tundu. Akasema mbao ziondolewe ndani ya wiki moja na mawe yazibwe na mtu anayejua kazi hiyo. Yule mama akaongeza kwamba mlango haujafungwa, Baba anaweza kupeleka ombi, alete mchoro wa msanifu anayetambuliwa, wa njia inayosimama yenyewe bila kugusa mawe, na huenda akakubaliwa. Baba hakuwa akisikiliza. Alitaka kujua nani kawaambia.

"Tulipata barua," akasema mwanamume.

Yule mama alinitazama mimi, niliyekuwa nimejibanza nyuma ya kiti cha Bibi, akageuza macho akayapeleka ziwani. Mpaka leo sijui kama nimshukuru.

Kaka zangu ndio waliosaidia kufungua boliti. Njia ya Bibi ilirudi kuwa mbao, zikaegeshwa nyuma ya jiko, na pale zilipokuwa zimefungwa yakabaki matundu meusi kumi na mawili. Jioni ile Baba aliapa mbele yetu sote. "Mwenye aliandika ile barua," akasema, "hata akuwe nani, mi na yeye ni basi, mpaka kaburi." Hakuinua sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Kila mtu nyumbani alijua viapo vya Baba. Alikuwa amewahi kuapa hivyohivyo kwa kaka yake wa Goma kwa sababu ya gari, na hawakusemezana tena hadi yule kaka akafa.

Lakini hakukata tamaa juu ya mama yake. Alimpata msanifu, kijana mmoja wa Kigali, akachora njia mpya inayosimama kwa miguu yake yenyewe. Mchoro ukaja ukiwa umekunjwa kama mkeka. Baba akasema kesho yake asubuhi anaupeleka ofisini kwa mkono wake, na akishaupeleka hatoki pale mpaka waonyeshe ile barua. Alisema mwandiko wa watu wa mtaa huu anaujua wote.

Mchana ule nilikuwa barazani na Bibi. Alikuwa akichambua maharage kwa mkono mmoja, na mimi nikiyapanga, nikichanganya mabovu na mazuri. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, adabu, daftari, bonbon, na kwamba nilitaka tu Padri asikasirike.

"Padri nani?" akauliza.

"Mwani. Mwenye nyumba."

Bibi aliweka chini maharage. Nilidhani atacheka kama yule mama wa ofisini, na kweli mdomo wake ulianza kucheka, ule upande wake mzima, halafu ukaacha. Akanivuta karibu.

"Mama," akasema, maana ndivyo alivyoniita nikiwa nimekosea, "ile patrimoine si mutu. Ni Kifaransa. Ni kitu chenye wazee waliacha, watu wanachunga isipotee."

"Basi nyumba iko ya nani?"

"Iko yetu. Ilikuwa yetu tu siku zote."

Akatazama barabara. Alitazama ziwa, na watu waliokuwa wakipita, na mmoja wao akampungia mkono naye akampungia. Kisha akaniuliza kama nimemwambia baba yangu. Nikasema bado. Akasema nisimwambie, leo wala siku nyingine, na akaniagiza nikamletee shali.

Baba aliporudi, akakunjua mchoro mbele yake amwonyeshe mahali pa kona na mahali pa kupumzikia. Bibi aliuangalia wote, akausifu kwamba kijana anajua kuchora. Halafu akavuta shali mabegani.

"Acha tu, Omari," akasema. "Mi sitaki tena kutoka. Ule upepo ya ziwa iko naniumiza mifupa."

Baba akabisha. Akamkumbusha wiki zile tano, alivyokuwa akirudi amechangamka. Bibi akasema hata siku zile upepo ulikuwa ukimwumiza, alinyamaza tu asimvunje moyo. Alisema hivyo bila kunitazama. Baba alisimama na karatasi yake mkononi, nami niliona jinsi uso wake ulivyolegea, uso wa mtu aliyetuliwa mzigo asiotaka kuutua. Akaukunja mchoro, akauweka juu ya kabati. Ofisini hakwenda.

Na mimi? Nilimwamini Bibi. Nawaapia, nilimwamini. Nilikimbia kumletea soksi. Siku zilizofuata, kila nikitoka shule, nilimkuta barazani, juu kabisa ya ngazi, na aliniuliza maji leo yana rangi gani, yamefika wapi, nani yuko ufukweni. Nilimjibu harakaharaka nikakimbilia kucheza. Sikujiuliza kwa nini mtu anayechukia upepo anakaa nje kutwa. Wale waliokuwa wakimsalimia majini walianza kupandisha sauti kutoka barabarani, naye alijibu, lakini sauti yake baada ya ugonjwa ilikuwa ndogo na magari yalikuwa yakiimeza. Baadaye walipunga mikono tu. Miezi saba aliishi hivyo. Aliteremka ngazi zile mara moja tu tena, katika masika, mabegani mwa wanaume, na mvua ilikuwa imezifanya zing'ae, na Baba aliyekuwa mbele alikuwa akiwaambia wenzake polepole, polepole.

Nilikuwa mwanamke mwenye watoto wawili nilipoelewa. Nilikuwa naosha vyombo. Binti yangu alikuwa ameiba sukari na nikajisikia nikimwambia baba yake kwamba ni mimi niliyeimwaga. Nikafunga bomba. Nikakaa chini palepale jikoni. Bibi alikuwa na njia mbili mbele yake, ziwa au mimi, na hakufikiri hata muda wa kuchambua maharage.

Sasa Baba naye magoti yamekataa. Ndiyo maana tumeuza. Aliyenunua anapenda vitu vya zamani, masharti hayakumtisha, na Baba anakuja kukaa kwangu, Mbugangari, ambako mlango uko sawa na uwanja. Baada ya kutoka kwa notari alitaka kurudi mara moja ya mwisho, peke yetu. Alipita chumba kwa chumba, mkono ukutani. Kisha tukaanza kushuka, yeye ameshika bega langu, ngazi moja, tunasimama, ngazi moja, tunasimama.

Kwenye ya sita alitaka kupumua. Jua lilikuwa linaelekea kuzama na watoto walikuwa wakipiga kelele majini. Alikaa juu ya jiwe la ngazi kwa shida, nami nikakaa kando yake.

"Mi nilimufungia mama yangu hapa," akasema.

Nikamwambia asiseme hivyo.

"Hapana, acha niseme. Ile mchoro ilikuwa tayari. Ningeipeleka tu." Akatafuta pumzi. "Lakini yeye mwenyewe alikataa, unakumbuka? Ulikuwa hapo, ulikuwa mudogo. Alisema upepo ilikuwa inamuumiza."

Alikuwa amenigeukia. Baba yangu ana miaka zaidi ya themanini, na alikuwa akinitazama kama mtoto anayengoja kuambiwa kwamba hakukosa. Niliona kwamba ameishi na sentensi ile moja ya Bibi miaka yote hii, na kwamba hana nyingine. Na kile kiapo chake, nadhani hakikumbuki tena. Angenisamehe. Ndilo jambo lililokuwa gumu kuliko yote, kujua kwamba leo angenisamehe, na kwamba msamaha huo ningeununua kwa kumfunulia kwamba mama yake alitaka kutoka.

"Nakumbuka, Baba," nikamwambia. "Mwaka ule upepo ilikuwa mubaya sana."

Akaitikia kwa kichwa, mara mbili. Akanyoosha mkono nimwinue, tukashuka tano zilizobaki.